Mti wa Maua Usioujua Uani Kwako: Jinsi ya Kuutambua na Kuupogoa Bila Kuyapoteza Maua Yake

Nilipohamia Muheza kutoka Singida, nyuma ya jiko la nyumba niliyonunua palikuwa na mti mmoja mrefu kupita paa, majani mapana yanayong'aa, kivuli kizito hata mchana jikoni pakawa giza. Aliyeniuzia nyumba alisema ni mti wa kivuli tu. Mimi nimekulia kwenye migunga na mibuyu. Mti ule sikuwahi kuuona. Nikapanda na panga, nikausafisha ndani: nikakwangua vijiti vyote vifupi vilivyokuwa vimeota kwenye matawi manene, nikang'oa na vinundu vilivyonionekania kama upele wa mti. Ukabaki msafi kama nguzo.

Miezi ikapita. Siku moja nikaona nyuzi chache za waridi iliyokolea zimedondoka chini. Nikainua macho: maua yalikuwa juu kabisa, kwenye matawi machache ambayo ngazi yangu haikuyafikia. Bibi wa nyumba ya pili alikuja kuchota maji, akasimama akautazama mti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nani kaufanya hivi mtofaa huu?"

"Ni mimi bibi. Niliona una vijiti vingi."

"Vile ndivyo vinavyozaa, mwanangu. Mwaka huu watoto hawatakula matofaa hapa."

Vile vinundu nilivyoviita upele ndiyo macho ya maua. Mtofaa hutoa maua kwenye gome la zamani, kwenye matawi yaliyokomaa na hata kwenye shina, karibu na tabia ya mfenesi au mkakao. Nilikuwa nimeukata kama mtu anavyokata mpera, na mpera tabia yake ni kinyume kabisa. Tangu hapo sikati mti wowote kabla sijajua ua lake linatokea wapi. Hilo ndilo swali kubwa kwenye kazi hii, kubwa kuliko hata jina.

Weka panga chini kwanza

Ukikuta mti wa maua usioujua, uangalie mzunguko mzima: unapochipua, unapotoa vitumba, unapochanua, unapofunga matunda, unapopukutisha. Kwetu pwani maana yake ni kuupitisha masika na vuli zote mbili kabla ya kukata chochote kikubwa. Ukiwa na daftari andika tarehe. Simu inatosha pia: piga picha ileile, mahali palepale, kila mwanzo wa mwezi.

Kuna vitu visivyongoja mwaka. Tawi lililokufa juu ya paa au juu ya mahali wanapocheza watoto, tawi lililopasuka, tawi linalosugua mabati, hayo ondoa. Na kama mti umegusa nyaya za umeme, usiuguse wewe wala usimtume kijana wa mtaani. Toa taarifa TANESCO, au kampuni ya umeme ya nchi uliyopo.

Kuujua mti: anza na jani

Watu wengi hungoja ua, lakini jani lipo karibu mwaka mzima na lina maneno mengi. Chuma kijitawi kizima, siyo jani moja, maana jambo la kwanza ni jinsi majani yalivyokaa. Je, yanakaa mawili mawili yakitazamana, au yanapishana, moja huku na jingine mbele kidogo upande wa pili?

Mfano unaochanganya watu sana ni mjakaranda na mkrismasi. Ikiwa haina maua, yote miwili ina majani ya vipande vidogo vidogo kama unyoya, na kwa mbali huwezi kuitofautisha. Shika kijitawi: majani ya mjakaranda yanatazamana, ya mkrismasi yanapishana. Kisha tazama chini. Mjakaranda huangusha tunda gumu la duara lililobapa, linalofunguka vipande viwili. Mkrismasi huning'iniza maganda marefu magumu kama ala ya kisu, mengine nusu mita. Maua yakija hakuna ubishi, mmoja zambarau, mwingine mwekundu wa moto. Mjakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini, mkrismasi ni wa Madagaska, nayo yote imezoea huku hata tunaihesabu yetu.

Turudi kwenye mti wangu. Majani yake yanatazamana. Nililipima moja kwa rula: sentimita 28, gumu kama ngozi, juu kijani cha kung'aa, chini limepauka. Sasa fanya hivi, maana hapa ndipo nilipoanza kuupenda ujuzi huu. Inua jani dhidi ya jua. Ukiona vitobo vidogo sana vya mwanga, kana kwamba limechomwa kwa ncha ya sindano, hivyo ni vifuko vya mafuta. Fuata na ukingo wa jani: mishipa ya pembeni haifiki mwisho, inakutana na mshipa mmoja mwembamba unaokimbia sambamba na ukingo kuanzia kwenye kikonyo hadi ncha. Ukiviona vyote viwili, na majani yanatazamana, umeingia kwenye ukoo wa mkarafuu, mzambarau, mpera na mtofaa.

Ndani ya ukoo huo, litwange jani kwa vidole unuse. La mkarafuu litakuambia lenyewe. Mpera una gome linalobanduka magamba membamba na kuacha madoa laini, na vijitawi vyake vichanga vina pembe nne. Vizungushe kati ya vidole utazihisi. Mzambarau una majani madogo zaidi na maua meupe-meupe madogo yaliyojikusanya vichala. Jani la mtofaa halina harufu kali, lakini kwa ukubwa linawashinda ndugu zake wote.

Utomvu, na kwa nini usiufanyie mzaha

Kata jani moja, usubiri nusu dakika. Utomvu mweupe kama maziwa ni onyo. Siyo kwamba kila mti wa maziwa una sumu. Mfenesi unao na tunakula matunda yake. Lakini mnyaa nao unao, na ukiingia machoni unaumiza vibaya hata kuweza kuharibu uwezo wa kuona. Upo mti mwingine uliojaa kwenye bustani za mijini, maua ya njano kama kengele, majani membamba marefu, mbegu ngumu ya pembe: una sumu mti mzima, na mbegu zake ni hatari kwa moyo. Ndugu yake ni mwoleanda, wenye maua ya waridi au meupe, nao ni wa kuogopwa. Matawi ya miti hii hayachomwi jikoni wala kwenye takataka, kwani hata moshi wake una sumu.

Kwa hiyo mpaka uujue mti: vaa glavu, kinga macho, usionje tunda, na usiwe na imani kwamba ndege wakila na wewe unaweza kula. Hata miti tunayoizoea ina ukali wake. Utomvu wa mwembe na mkorosho huwasha ngozi za watu wengi.

Ua: lifungue, kisha tafuta lilikotokea

Chukua ua moja lililochanua asubuhi, kabla nyuki hawajalichakaza, uliweke juu ya karatasi nyeupe. Hesabu petali. Angalia kama zimeachana au zimeungana kuwa kengele. Hesabu stameni, zile nyuzi zenye unga kichwani. Ua la mjakaranda ni tarumbeta moja. La mkrismasi lina petali tano, moja imevaa nguo tofauti na wenzake, ina madoa na michirizi. La mtofaa unaona petali kwa shida, kwa sababu stameni ni nyingi mno, zimesimama kama nywele za brashi ya kunyolea ndevu, rangi ya waridi iliyokolea hadi inaelekea zambarau. Zikidondoka hukaa chini ya mti kama zulia, na watu husimama njiani kuzitazama. Mpera, mkarafuu na mzambarau wana brashi hiyohiyo, ila nyeupe au ya maziwa.

Sasa swali lenyewe. Ua limekaa wapi kwenye mti?

Likiwa limetoka kwenye chipukizi jipya la msimu huu, laini na la kijani, mti huo unafurahia kupogolewa. Ukikata, unachipua; ukichipua, unachanua. Ndivyo ulivyo mpera, ndivyo yalivyo mawaridi, asumini na bogenvilia.

Likiwa limekaa kwenye ncha ya tawi lililokomaa, ngoja. Mwembe na mkarafuu ndiyo tabia yao. Ncha hizo zimechukua miezi kukomaa, na ukizikata maua yakikaribia umeukata msimu. Hapa hukatwa mara tu baada ya mavuno, ili mti upate muda wa kuotesha ncha nyingine na kuzikomaza.

Likiwa limechomoza moja kwa moja kwenye gome kuukuu, lisilo na majani, uko kwa mtofaa, mfenesi, mkakao. Hapo ndani ya mti ndiko kwenye mali. Ukitazama tawi la mtofaa lenye unene wa mkono wangu, utaona vinundu vimepangana, vingine vidogo kama punje ya mtama, vingine vina vijiti vifupi vilivyokatika ambavyo ni mabaki ya vikonyo vya msimu uliopita. Maua yatarudi papo hapo. Usikwangue, usinyooshe, usipake kitu.

Matunda, simu na watu

Tunda la mtofaa huiva kama miezi miwili baada ya kuchanua: jekundu, ngozi nyembamba, nyama nyeupe yenye maji, mbegu moja kubwa katikati. Halihimili kukaa, likianguka chini limekwisha.

Programu ya PlantNet kwenye simu inasaidia, mradi uipe picha nzuri: jani juu na chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda, gome, kila kimoja kwa picha yake, mchana lakini kivulini. Ichukulie kama rafiki anayekisia. Ikikupa majina matatu, rudi kwenye mti na vipimo vyako ukayapime. Wazee wa mtaa ni wazuri zaidi kwa miti ya siku nyingi, ila jina moja linaweza kubeba miti tofauti ukitoka wilaya moja kwenda nyingine, kwa hiyo waulize pia unachanua lini na unaliwa au hauliwi.

Ukikwama kabisa, kausha kielelezo. Kata kijitawi chenye majani, maua na ikiwezekana matunda, kilaze kati ya magazeti, weka uzito juu, badilisha magazeti kila siku mpaka kikauke. Andika mahali, urefu wa mti, rangi ya ua na harufu, kwa sababu rangi hupotea ikikauka. Wataalamu wa mimea wa Hebaria ya Taifa (hazina ya mimea iliyokaushwa) Arusha, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au wa Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo Nairobi, kazi yao ni kutambua vielelezo kama hivyo. Sisi wa Muheza tuna neema nyingine: Amani iko juu yetu milimani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 na kupanda miti kutoka kila pembe ya dunia. Mti wa kigeni kwenye ua wa mtu huku haushangazi.

Wakati wa kukata

Mtofaa na miti ya matunda kwa jumla: mavuno yakiisha, siyo kabla. Mti wa maua matupu: maua yakimaliza kudondoka. Epuka masika yenyewe, maana vidonda vibichi kwenye unyevu wa siku kumi mfululizo hukaribisha kuvu. Epuka pia kiangazi kikali kwa mti uliodhoofika. Ukishaona vitumba, hata kimoja, umechelewa, ahirisha.

Kabla ya kupanda, zunguka mti polepole ukitazama juu. Viota vyenye makinda vingoje. Nyuki waliojenga kwenye shimo la mti waite anayewajua.

Zana

Mkasi wa kupogolea kwa vijitawi visivyozidi unene wa kidole gumba, msumeno mkali wa matawi kwa vinavyozidi. Panga liache kwa magugu. Panga hupasua, huacha nyuzi, na hukuvuta ukate mahali panapofikika badala ya mahali panapotakiwa. Futa makali kwa spiriti kabla ya kuanza, na kila unapotoka kwenye tawi lenye ugonjwa. Ngazi ifungwe kwenye mti kwa kamba na mtu aishike. Kazi isiyofikika kutoka kwenye ngazi ni ya mkataji mwenye mikanda, siyo yako.

Kukata kwenyewe

Anza na vilivyokufa. Kama huna uhakika, kwangua gome kwa ukucha: kijani na unyevu, tawi linaishi; kahawia na kavu, sogea kuelekea shinani ukwangue tena mpaka uone uhai. Baada ya hapo yaondoe matawi yenye ugonjwa, kisha yanayosuguana, ukibakiza lililokaa vizuri zaidi. Shuka chini. Rudi nyuma hatua kumi uutazame mti mzima. Mara nyingi kazi imekwisha hapo, na mtu huharibu kwa kuendelea.

Tawi nene likatwe kwa mapigo matatu. La kwanza kutoka chini kwenda juu, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, uingie theluthi moja ya unene wake. La pili kutoka juu, mbele kidogo ya lile la kwanza, mpaka tawi lianguke. Ukiruka pigo la chini, tawi litaanguka kabla hujamaliza na kuchuna gome la shina kama ngozi ya mbuzi. La tatu ni la kuondoa kile kibuti kilichobaki, na hili ndilo linaloamua afya ya mti.

Tazama kwa karibu pale tawi linapoungana na shina. Pana uvimbe mdogo, ngozi imejikunja kama shingo ya kanzu. Kata nje ya shingo hiyo, ukiigusa lakini usiikate. Ukikata ndani yake, umeondoa sehemu inayofunga kidonda; ukiacha kibuti kirefu, kitaoza na kuupeleka uozo ndani. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kuonyesha jambo hili: mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu, unakizungushia ukuta na kuotesha mbao mpya pembeni. Ukuta huo huanzia kwenye shingo ya tawi.

Kwa hiyo rangi, lami na oili chafu tunazopaka kwenye vidonda vya miti haziusaidii mti. Acha kidonda wazi kikauke.

Kama tatizo ni urefu, usikate kichwa cha mti. Najua kila mtaa una miti iliyokatwa kichwa, na najua inavyoonekana baada ya miaka miwili: fito kumi zimesimama wima, zimeshika juu juu, upepo wa kusi ukija zinavunjika juu ya bati. Badala yake fuata tawi refu kushuka mpaka ukute tawi la pembeni lenye unene usiopungua theluthi moja ya lile unalotaka kulipunguza, ukate hapo. Mti unafupika bila kuonekana umekatwa.

Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani yote. Mtofaa wangu niliuchukulia miaka mitatu kuushusha hadi urefu wa ngazi, na kila mwaka niliacha matawi manene ya ndani na vinundu vyake vyote. Mwanga wa jikoni niliupata kwa kuondoa matawi mawili tu ya chini upande wa dirisha.

Baada ya kukata

Matawi manene yaliyokuwa kivulini yakipigwa jua ghafla, gome huungua na kupasuka, hasa upande wa magharibi. Yapake chokaa iliyochanganywa na maji. Weka matandazo ya majani makavu chini ya mti, yakae mbali na shina kwa shibiri moja, na samadi iliyooza pembezoni mwa kivuli, kwa sababu mizizi midogo inayokula iko huko na siyo shinani. Mwagilia kama mvua zimekata.

Baada ya wiki sita hivi rudi ukague. Machipukizi mengi yatakuwa yamesimama wima karibu na vidonda. Yang'oe kwa vidole yangali laini, ubakize moja au mawili yanayoelekea nje, pale penye pengo. Usichanganye chipukizi na kitumba: chipukizi la mtofaa huanza na majani mawili membamba yaliyobanana, mekundu-mekundu, wakati kitumba ni kifundo cha mviringo chenye kikonyo kifupi. Ukiwa na shaka, liache siku kumi, litajitaja.

Angalia na vidonda vyenyewe. Ukiona pete ya gome jipya inavimba kuzunguka pale ulipokata, nono na sawa pande zote kama mdomo wa mtungi, ulikata mahali sahihi. Pete ikiwa imevimba upande mmoja na mwingine umebaki bapa, huo upande bapa uliikata shingo, na tawi linalofuata sogeza msumeno nje kidogo.